Swichi ya Kiti Ilikuwa Nzima: Uchambuzi wa Kisa cha Trekta ya Nyasi Jinja

Mashine ni trekta ya nyasi ya kukalia, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyoingia Uganda kama mtumba. Injini yake ni Briggs & Stratton ya silinda moja, nguvu farasi 12.5, na deki yake, yaani kasha la chini linalofunika visu, ni ya inchi 42 yenye visu viwili. Inakata uwanja wa mpira na viunga vya shule moja ya bweni nje kidogo ya Jinja, nyasi za pasipalamu zilizovamiwa na magugu ya lumbugu. Anayeiendesha ni askari mstaafu, mwembamba, ambaye shule nzima inamwita Afande.

Lalamiko lilikuwa moja: injini inakata. Ikipita penye vichuguu karibu na miembe inakohoa, ekzosi inapiga kama bunduki, halafu inaendelea. Siku nyingine inazima kabisa. Ikinyesha usiku, asubuhi haina raha kabisa. Na kulikuwa na neno moja ambalo mafundi wawili wa kwanza walilisikia wakalipuuza: akikaa mwalimu wa michezo, mtu wa mwili, mashine hiyo hiyo inapita vichuguu vile vile bila kukohoa.

Hadi mashine ilipofika kwa fundi wa tatu ilikuwa imebadilishiwa plagi, chujio la mafuta na mpira wa mafuta, kabureta imesafishwa mara mbili, na sasa haikuwaka kabisa, kwa sababu koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche, ilikuwa imeungua. Iliunguzwa na ufundi. Kila kosa lililofanyika hapo lilikuwa na mantiki yake, na makosa hayo hayo yanafanyika kila mahali trekta hizi za zamani zinapotengenezwa na watu waliojifunzia umeme kwenye magari.

Mlio ulikuwa umeshasema

Injini inayokosa mafuta hufa polepole. Inapungua, inapanda tena kidogo, inatafuta, halafu inalegea kwa sekunde kadhaa. Inayokosa cheche hufa papo hapo kama taa iliyozimwa ukutani. Cheche zikipotea kwa kitambo kidogo tu kisha zikarudi, mafuta ambayo hayakuungua yanakuwa yameshasukumwa kwenye ekzosi yenye moto, na cheche zinaporudi yanalipuka humo. Ule mlio wa bunduki ni huo.

Hesabu yake ni nyepesi. Injini hii ikienda mizunguko 3,300 kwa dakika, magneto, mfumo wa cheche unaotumia sumaku badala ya betri, hutoa cheche moja kila mzunguko, yaani 55 kwa sekunde. Nusu yake hupigwa bure wakati wa kutoa moshi, kwa hiyo zinazofanya kazi ni 27 au 28. Chini ya kiti kuna swichi inayozima injini dereva akiinuka; kiti kikiruka kwa sehemu ya tano ya sekunde tu, cheche 11 zinapotea, na tano au sita kati yake ni za kazi. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ina uzito wa kutosha kuivusha injini hapo, ndiyo maana mara nyingi iliendelea. Kabureta haiwezi kuzalisha dalili ya namna hiyo, na aliyeifungua mara mbili alikuwa anatafuta mbuzi kwenye banda la kuku.

Umeme unaosomwa kinyumenyume

Kwenye gari la petroli la zamani, koili hulishwa volti 12 kupitia swichi ya ufunguo. Ukikata waya, gari linazima. Fundi wa magari anajua hivyo hadi usingizini: waya uliokatika ni injini iliyokufa.

Magneto ni kinyume chake. Koili haihitaji betri. Sumaku zilizo kwenye flaiwili zinapita mbele yake na inatengeneza umeme wake yenyewe. Ili kuzima injini hukati kitu, bali unaunganisha: waya mmoja mwembamba unatoka kwenye koili, na ukigusa bodi ya mashine cheche zinakufa. Tuuite waya wa kuzimia. Ufunguo ukiwa umefungwa unaupeleka waya huo kwenye bodi. Swichi ya kiti nayo inafanya hivyo hivyo: mtu akiinuka inaunganisha, akikaa inaachanisha.

Kwa mashine hii njia ilikuwa hivi. Waya wa kuzimia unatoka kwenye injini, unapita kwenye swichi ya kiti, halafu unagawanyika mara mbili. Tawi moja linafika kwenye bodi kupitia swichi ya breki, inayounganisha breki ikiwa imeachiwa. Tawi la pili linafika kwenye bodi kupitia swichi ya mkono wa visu, inayounganisha visu vikiwa vimewashwa. Kwa hiyo dereva akiinuka, injini inabaki hai kwa sharti moja: breki imefungwa na visu vimezimwa, vyote viwili. Kimoja kikikosekana, inazima.

Njia ya kuwasha ni nyingine kabisa, na watu wengi huzichanganya. Hiyo ndiyo yenye volti 12: betri, fyuzi, ufunguo, swichi ya visu, swichi ya breki, kisha solenoidi ya stata, yaani swichi ya sumaku inayoipa umeme mota ya kuwashia. Swichi za breki na visu huwa na pini nne kwa sababu zinahudumia njia zote mbili, jozi moja ya volti 12 na jozi nyingine ya kuzimia. Jozi hizo hazipaswi kukutana hata siku moja.

Kujua uko upande gani, tazama nyuma ya swichi ya ufunguo. Mara nyingi pini zimeandikwa herufi: B ni betri, S ni stata, L ni taa, G ni bodi. Ukikuta M, ni magneto. Ukikuta I badala yake, koili inalishwa na betri, kama kwenye injini nyingi za Kohler za mfululizo wa K, na hapo mambo yote niliyoandika yanageuka: swichi ya kiti inaunganisha mtu akikaa, na waya ukikatika injini inakufa. Ushauri wa "ruka swichi kwa kipande cha waya" umetoka kwenye mashine za aina hiyo. Ukiupeleka kwenye magneto unafanya kinyume: ni kama dereva ameinuka daima.

Majaribio mawili yaliyoharibu mambo

Fundi wa kwanza alifikiri sawasawa. Alishuku swichi ya kiti, akachomoa soketi yake, akawasha breki ikiwa imefungwa, kisha akaiachia. Kama swichi ndiyo inayozima, alijiambia, ikichomolewa injini itakuwa huru. Breki ilipoachiwa tu, ikazima. Akahitimisha kwamba swichi haihusiki, akahamia kwenye kabureta na plagi.

Hakutazama ndani ya soketi. Baadhi ya soketi za viti za miaka ile zina kibati chembamba cha shaba ambacho, soketi ikichomolewa, kinajifyatua na kuunganisha pini mbili. Kiwanda kiliweka makusudi, ili mtu asiweze kuondoa usalama kwa kuchomoa tu. Kwa hiyo jaribio lake lilikuwa sawa na kumwinua dereva kitini. Ukiwa na tochi unakiona kibati hicho kwa sekunde tatu.

Fundi wa pili alikuwa wa magari. Alikata nyaya mbili za kiti akaziunganisha pamoja, akiamini "amepiga dairekti". Kwenye magneto, huko ni kukifanya kiti kiwe kitupu daima: breki ikiachiwa tu, cheche zinakufa. Hilo lenyewe halikudhuru kitu. Kilichodhuru ni hatua ya pili. Kuona cheche zinakufa hivyo, alidhani koili haipati umeme, akavuta waya kutoka kwenye chanya ya betri akaugusisha kwenye waya unaokwenda kwenye injini. Koili za kielektroniki za magneto zina kifaa kidogo ndani ambacho hakikujengwa kupokea volti 12 kupitia mlango wa kuzimia. Kiliungua pale pale, bila moshi wala harufu ya kumshtua.

Ndiyo maana fundi yeyote anayepokea trekta ya namna hii aulize swali moja kabla ya kutoa bisibisi: nani ameigusa kabla yangu, na aliunganisha nini na nini?

Kupima, kwa utaratibu

Fundi wa tatu alianza kwa kuchomoa kofia ya plagi na kuiweka mbali, kisha hasi ya betri. Mikono isiingie chini ya kiti wala karibu na deki kabla ya hapo.

Kwanza koili. Waya wa kuzimia ulichomolewa kwenye koili kabisa, ili ijulikane kwamba hakuna swichi yoyote inayoizuia. Plagi ikatolewa, ikavalishwa kofia yake, ikabanwa kwenye chuma cha silinda mbali na tundu lake, kwa kuwa mvuke wa petroli unatoka hapo. Betri ikarudishwa kwa muda na stata ikazungushwa. Hakuna cheche. Umbali kati ya koili na flaiwili ulikuwa sawa, sumaku hazikuwa na tatizo. Koili imekufa. Ikatafutwa nyingine, na ilipatikana Kampala, si Jinja.

Kuifunga ni kazi ya dakika kumi ikiwa utafanya vitu viwili. Safisha kutu kwenye sumaku za flaiwili kwa msasa laini. Halafu weka nafasi ya milimita 0.25 hadi 0.36, ambayo ni nambari ya kiwanda kwa injini hizi kubwa za silinda moja. Kama huna fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi nyembamba, kadi ya biashara ya kawaida inakaribia hapo: iweke katikati, acha sumaku ivute koili yenyewe, kaza bolti mbili, zungusha flaiwili utoe kadi. Plagi iwekewe nafasi ya milimita 0.76.

Baada ya hapo injini iliwaka, waya wa kuzimia ukiwa bado umechomolewa. Tahadhari: katika hali hiyo ufunguo hauizimi. Fundi alikuwa ameshika choki tayari, visu vimezimwa, breki imefungwa, na aliiacha iende kwa sekunde chache tu. Mtu asiiendeshe hivyo hata hatua moja.

Kisha mita ya umeme, kwenye sauti ya mlio, ufunguo ukiwa umewekwa mahali pa injini kwenda. Ncha moja kwenye waya wa kuzimia, upande wa mashine, nyingine kwenye bodi. Waya huo lazima uwe umechomolewa kwenye koili wakati wa kupima, vinginevyo mita inasoma njia ya ndani ya koili na utakimbizana na shoti isiyokuwepo. Nyaya zilizokatwa na fundi wa pili zilikuwa zimesharudishwa kila moja mahali pake kwa kutazama rangi.

Kilichotakiwa kuonekana ni hiki. Mtu amekaa: kimya, hata breki na visu viwe vipi. Kiti kitupu, breki imeachiwa: mlio. Kiti kitupu, breki imefungwa, visu vimezimwa: kimya. Kiti kitupu, visu vimewashwa: mlio, hata breki ikiwa imefungwa. Ufunguo ukifungwa: mlio daima.

Afande alikaa, mita ikanyamaza. Akaambiwa atikisike kama yuko kwenye vichuguu. Mita ya namba haikuonyesha kitu. Fundi akaiweka kando akachukua mita ya mshale, ya zamani, kwa sababu mita ya namba inachelewa na mguso wa sehemu ya sekunde unaweza kuipita kabla haijalia. Mshale ukaanza kuruka. Kwa asiye na mita ya mshale, balbu ndogo ya volti 12 na betri yake ya pembeni inatosha, ilimradi koili imechomolewa.

Sababu mbili zilizovaa sura moja

Swichi ilitolewa ikapimwa peke yake mezani. Ikiachwa: omu 0.4, yaani inaunganisha. Ikibonyezwa: wazi kabisa, yaani haiunganishi. Ilibonyezwa mara hamsini na haikukosea. Swichi iliyotuhumiwa na kila mtu, na iliyokatiwa nyaya zake, ilikuwa nzima.

Mbovu kilikuwa kiti. Bati linaloshika swichi lilikuwa limevunjika sikio moja, kwa hiyo swichi ilikaa kwa mshazari na kitufe chake kikawa kinabonyezwa kwa pembe. Bolti ya bawaba ya mbele ilikuwa imelika hadi kiti kikawa kinahama kuelekea kushoto karibu sentimita moja. Springi za chini zilikuwa na kutu na zimechoka. Na sifongo, baada ya mvua za miaka na ngozi iliyopasuka, ilikuwa imeshikana. Kwa jumla, uzito wa Afande ulikifikisha kitufe kwenye mwanzo tu wa safari yake, palepale swichi inapoachanisha. Kichuguu kidogo kikimrusha, inaunganisha. Mwalimu wa michezo alikisukuma hadi chini. Neno lile la mwanzo lilikuwa limebeba nusu ya jibu, na halikuhitaji chombo chochote ila sikio.

Lakini hiyo haikueleza asubuhi za mvua. Fundi alirudisha swichi, akakiegemeza kitufe chini kwa kipande cha mti na kukifunga kamba kisiweze kunyanyuka, akachukua mita ya mshale tena na kuanza kutikisa nyaya, kiganja kwa kiganja, kutoka kitini hadi injini. Zilipopita kwenye tundu la bati chini ya kiti, mshale ukaruka. Raba ya tundu ilikuwa imepotea zamani. Ukingo wa bati ulikuwa umekula ngozi ya waya wa kuzimia hadi shaba ikaonekana, na kiti kikihama kushoto kinauvuta waya kwenye ukingo huo huo. Siku kavu waya uligusa mara chache. Matope na majani mabichi yakijaa hapo, ilikuwa kama kuulowesha na kuubana kwenye bodi.

Tofauti ya mahali ni muhimu hapa. Waya uliochubuka kabla ya swichi ya kiti, yaani upande wa injini, unazima mashine hata dereva akiwa amekaa vizuri. Ukichubuka baada ya swichi, hauzimi kitu mradi mtu amekaa. Kwa hiyo ukibana kitufe chini na mlio bado unakuja, acha swichi, nenda upande wa injini.

Matengenezo

Bati la kiti lilitolewa kwenye mashine nzima kabla ya kuchomelewa. Hili halina mjadala: ukichomelea juu ya mashine, mkondo wa mashine ya kuchomelea unatafuta njia yake kupitia nyaya na koili, na shule isingenunua koili ya pili kwa furaha. Sikio liliundwa kwa bati la milimita 2. Tundu la bawaba lililolika lilitobolewa zaidi na kuwekewa kipande cha bomba la shaba ndani, bolti mpya ya saizi ile ile ikapita. Springi zilibadilishwa kwa mbili zilizotafutwa kwenye vyuma chakavu, zikalinganishwa urefu kwanza, maana kiti kikilala upande mmoja tatizo linarudi.

Kisha marekebisho ya kitufe. Fundi alipaka chaki nyeupe kwenye ncha yake, Afande akakaa, akainuka, alama ikaonyesha kinapoguswa. Alipima urefu wake kikiwa huru na kikiwa kimekaliwa. Lengo ni kitufe kizame hadi kibakize milimita 2 hivi kabla ya kugota. Kikizama kidogo kuliko hapo, vichuguu vitaizima injini. Kikigota kabisa, kila mtikisiko unapiga swichi kama nyundo na itavunjika ndani ya msimu. Washa mbili, zile pete za chuma, ziliwekwa chini ya bati zikatosha.

Waya uliochubuka haukufungwa tepu. Tepu kwenye sehemu inayosuguliwa na yenye joto la injini inanata, inateleza, na baada ya mvua moja shaba iko nje tena. Sentimita 15 zilikatwa, kikaungwa kipande kipya kwa risasi ya kuyeyusha na kuvishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Raba ya tundu ilitengenezwa kwa kipande cha mpira wa mafuta kilichopasuliwa kwa urefu na kubanwa kuzunguka ukingo. Nyaya zikafungwa mahali pawili zisifike tena kwenye ukingo hata kiti kikiinuliwa. Pini za soketi zilisafishwa na kupakwa vaselini ya kawaida, na kile kibati cha shaba kikaachwa kifanye kazi yake.

Ingekuwaje kama swichi ingekuwa imekufa? Sahihi ni kununua ya aina ile ile, kwa kulinganisha idadi ya pini na hali yake ikiachwa, si sura yake. Swichi mbili zinaweza kufanana kama mapacha na moja ikaunganisha ikiachwa, nyingine ikibonyezwa. Wakati ya kiwandani inasubiriwa, mbadala unaopatikana kila mji wa Uganda ni swichi ya taa za breki ya Toyota, ile ya kitufe yenye pini mbili. Kwenye gari, pedali ikiwa juu inakibonyeza kitufe na taa zinazima. Ukikanyaga, kitufe kinaachiwa na swichi inaunganisha. Hiyo ndiyo tabia ya swichi ya kiti cha magneto. Ina nati mbili za kurekebishia kina, jambo linalosaidia. Ubaya wake ni kwamba safari yake ni fupi na haikujengwa kukaa kwenye maji, hivyo iwekewe kifuniko, na uzito wa dereva ubebwe na raba za kiti, si na swichi. Ni kivuko cha wiki chache. Na kama mashine yako ni ya herufi I, au ya dizeli ambayo solenoidi ya mafuta inalishwa kupitia kiti, swichi hiyo haikufai kabisa. Zile zenye relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, chini ya kiti zina somo lao.

Lililogundulika mwishoni

Hadi hapa mashine ilikuwa imepona kwa maana ya mwenye kulalamika. Ingerudi shuleni, isingekohoa, kila mtu angeridhika.

Fundi sasa alifanya vile vipimo vitano vya mita hadi mwisho. Vinne vilikuwa sawa. Kile cha kiti kitupu, visu vimewashwa, breki imefungwa, mita ilinyamaza. Ilipaswa kulia. Kwenye mkono wa visu, waya wa kuzimia ulikuwa umekatwa na ncha yake kukunjwa vizuri, kwa tepu iliyokauka hadi kuwa kama gome. Mkato wa miaka, labda tangu kabla mashine haijapanda meli.

Hapakuwa na dalili yoyote. Dereva akiinuka breki ikiwa imeachiwa, tawi la breki lilizima injini kama kawaida, na yeyote aliyejaribu kwa njia hiyo angeapa kwamba usalama uko kamili. Lakini mtu anayeshuka kuzibua majani kwenye mdomo wa deki hufanya nini? Anafunga breki kwanza, kwa uangalifu, mashine isitembee. Hapo hapo ndipo ulinzi ulipokuwa umeondolewa: breki imefungwa, visu vinazunguka, mkono unaelekea kwenye mdomo wa deki. Kiwango cha Marekani kinaruhusu ncha ya kisu kwenda hadi futi 19,000 kwa dakika, karibu mita 96 kwa sekunde.

Hii ndiyo tabia mbaya ya magneto ambayo koili iliyoungua na kabureta iliyosafishwa bure vilikuwa vimeifunika. Waya wa kuzimia ukichubuka, mashine inalalamika na mwenye nayo anatafuta fundi. Ukikatika, mashine inakwenda vizuri kuliko jana. Kwa hiyo kukaa kimya kwa trekta ya zamani si ushahidi wa lolote, na waya huo hauna namna ya kujulikana ila kwa kupimwa kwa makusudi.

Ulirudishwa. Jaribio la mwisho lilifanywa injini ikiwa hai, kwenye sakafu tambarare, watu wote wakiwa nyuma ya mashine: breki imefungwa, visu vimewashwa, Afande akanyanyua makalio kidogo bila kuteremsha mguu. Injini ikazima. Visu vilisimama ndani ya sekunde nne. Kwa matrekta ya nyasi yaliyotengenezwa kuanzia 1987 kwa kufuata kiwango cha hiari cha viwanda vya Marekani, kikomo ni sekunde tano. Mashine za kusukuma zina sheria yake huko tangu 1982, sekunde tatu. Kama ingezidi tano, kinachofuata kukaguliwa ni breki ya visu kwenye deki, ambayo pedi yake huchakaa bila kelele. Jaribio likarudiwa visu vikiwa vimezimwa na breki imeachiwa: ikazima. Kisha breki imefungwa, visu vimezimwa, Afande akashuka kabisa: ikaendelea kunguruma.

Afande hakupenda.

"Fundi, sasa nikikuta chupa mbele, kila saa niizime nishuke?"

"Hapana, Afande. Rudisha mkono wa visu, kanyaga breki uifunge, uteremke. Injini itakusubiri."

"Na nikisahau visu?"

"Itazima yenyewe. Siku isipozima, usikate hata mstari mmoja, nipigie."

Makubaliano yalikuwa kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuanza, afanye majaribio yale matatu. Yanachukua dakika mbili. Mwalimu wa michezo asiyafanye kwa niaba yake, kwa kuwa kitufe kimerekebishwa kwa uzito wa Afande.